Ajuaye Yuko Chini: Mvuto wa Kichekesho cha Ofisini kutoka London hadi Ukingo wa Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi

Wachunguzi wa sanaa za maonyesho katika Afrika ya Mashariki wamekwisha kuandika mengi juu ya ngoma, tanzia na tamthilia za kisiasa. Kichekesho, ambacho ndicho hupendwa zaidi na watu wa kawaida, kimepewa nafasi ndogo. Kichekesho cha mahali pa kazi kimepewa ndogo zaidi, yaani kile kinachomchukua mkubwa, karani, fundi na mwombaji, kikawaweka katika chumba kimoja na kuwaacha wababaishane. Makala hii inakusudia kuchunguza asili ya mvuto wa aina hiyo ya mchezo. Itaanza na mfano wa mbali, mchezo wa televisheni wa Uingereza uitwao The IT Crowd, kisha itaangalia historia ya ofisi na mashine katika Tanzania na Kongo, na hatimaye itatua Baraka, mji wa Wilaya ya Fizi katika Kivu ya Kusini, ulioko kando ya ghuba inayotenganisha bara na rasi ya Ubwari.

Hoja inayotetewa ni moja. Kichekesho cha ofisini huvutia kwa sababu hufichua jambo ambalo kila mfanyakazi analijua na hakuna anayelisema mbele ya mkubwa wake: cheo na ujuzi havikai pamoja. Ajuaye huwekwa chini, asiyejua hukaa juu, na kazi huendelea kwa sababu wote wawili wanajifanya hawalioni hilo.

2. Mafundi wa chumba cha chini

The IT Crowd ulianza kuonyeshwa na idhaa ya Channel 4 tarehe 3 Februari 2006. Mtunzi wake ni Graham Linehan. Mchezo ulikwenda kwa misimu minne yenye vipindi 24, ukafungwa kwa kipindi maalumu mwezi Septemba 2013. Mwaka 2014 waigizaji wake wawili, Richard Ayoade na Katherine Parkinson, walipata tuzo za BAFTA kwa uigizaji wa vichekesho.

Mandhari yake ni kampuni kubwa ya London iitwayo Reynholm Industries. Orofa za juu zina vioo, mwanga na watu waliovaa vizuri. Chini kabisa, katika chumba kilichojaa nyaya na takataka, wanakaa mafundi wawili wa kompyuta, Roy na Moss. Kampuni nzima inawategemea, na kampuni nzima inawadharau. Simu inapolia, Roy hana haja ya kusikiliza shida ya anayepiga. Ushauri wake ni mmoja siku zote, mashine izimwe na iwashwe tena. Juu yao anawekwa msimamizi, Jen, ambaye hajui lolote kuhusu kompyuta. Alidai katika barua yake ya kuomba kazi kwamba anazijua, na bwana mkubwa aliyempa kazi hakuweza kumgundua kwa kuwa naye hajui.

Vituko viwili vinatosha kuonyesha jinsi mchezo huu unavyofanya kazi. Katika kimoja, moto unawaka ndani ya chumba, na Moss, badala ya kupiga kelele, anaketi na kuwaandikia wazima moto barua ya heshima kwa kompyuta, akichagua maneno kwa uangalifu. Kinachochekesha hapo ni matumizi ya lugha. Mtu aliyelelewa na ofisi amepoteza uwezo wa kuomba msaada kwa lugha ya mtu anayeungua. Katika kituko cha pili, cha msimu wa tatu wa mwaka 2008, mafundi wanampa Jen kijisanduku cheusi na kumwambia kwamba ndiyo intaneti yote ya dunia, ili akakionyeshe katika hotuba na kuaibika. Mtego unawarudia wenyewe, maana wakubwa waliohudhuria wanaamini, wanastaajabu, na hofu inawashika wanapodhani kijisanduku kimeharibika. Ujinga wa mtu mmoja ungekuwa aibu. Ujinga wa wakubwa wote umekuwa elimu.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba majaribio ya kuuhamisha mchezo huu hayakufanikiwa. Wamarekani walitengeneza kipindi cha majaribio ambacho hakikuendelezwa kuwa mfululizo, na Wajerumani walianza toleo lao mwaka 2008 likaondolewa hewani baada ya vipindi viwili tu. Wazo la mafundi wa chini lilikuwa lile lile. Kwa hiyo uzito wa mchezo haukuwa katika wazo peke yake. Ulikuwa katika usemi, mwendo wa maneno na namna watu wa mahali fulani wanavyoogopana na kuheshimiana. Jambo hili lina maana kubwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili, na litarejewa.

3. Mashine ya Hazina

Mtu anaweza kudhani kwamba hadithi ya wakubwa wasioijua mashine waliyoinunua ni hadithi ya Ulaya. Historia inasema vingine. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matarajio yalikuwa makubwa. Hesabu za serikali zingetengenezwa haraka, nazo zingekuwa sahihi kuliko za mkono. Miaka ilipopita, jaribio la kuuingiza mfumo mzima wa hesabu za serikali katika kompyuta lilivurugika, gharama zikapanda, na wataalamu waliohitajika wakawa wachache au wageni. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali. Amri hiyo ilikuja kulegezwa baadaye.

Amri ile imezoea kutajwa kama kichekesho: nchi iliyoikataza kompyuta! Lakini kicheko hicho ni chepesi mno. Serikali maskini iliyokuwa ikipoteza fedha za kigeni kwa mashine isiyotii ilikuwa na sababu zake. La kuangaliwa zaidi ni uhusiano uliojengeka kati ya anayeamua na anayejua. Aliyeamua kununua hakuwa fundi, fundi hakuulizwa, na mambo yalipoharibika, lawama iliangukia mashine. Huo ndio muundo wa kila kipindi cha The IT Crowd, ila kwa gharama za umma.

Lugha nayo ilipitia mkasa wake. Wanaisimu walipokaa kuipa mashine hiyo jina la Kiswahili, yalipendekezwa maneno kama ngamizi na tarakilishi. Watumiaji wa Tanzania waliendelea kusema kompyuta; nchini Kenya tarakilishi likapata nafasi shuleni. Hapa tena, walioamua walikuwa juu na waliotumia walikuwa chini. Haikosi kutajwa, kwa upande wa heri, kwamba mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyowekwa katika Kiswahili. Safari hiyo wajuao mashine na wajuao lugha walikaa meza moja.

4. Boi, karani na mwigizaji

Upande wa magharibi wa ziwa, ofisi ilizungumza lugha nyingine. Katika Kongo ya Wabelgiji, na baada ya uhuru wa mwaka 1960, lugha ya serikali imekuwa Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Maana yake kwa mtu wa kawaida wa mashariki ni kwamba huongea Kiswahili sokoni, kanisani na kazini, lakini karatasi inayoamua haki yake huandikwa kwa lugha ambayo pengine hawezi kuisoma. Kati yake na karatasi hiyo hukaa karani.

Watu wa chini hawakunyamaza. Mwaka 1965 huko Elisabethville, mji ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Andiko hilo limetungwa kwa Kiswahili cha Shaba, tahajia yake haifuati usanifu wowote, na linaitazama historia ya ukoloni kutoka jikoni na ukumbini. Johannes Fabian alilichapisha na kulifafanua mwaka 1990. Msomaji anagundua haraka kwamba boi aliyetumwa chai alikuwa akisikia kila kitu. Bwana hakujua lugha ya boi. Boi alijua lugha ya bwana, tabia zake na siri zake. Ajuaye alikuwa chini.

Katika mji huo huo Kundi la Mufwankolo lilijenga kichekesho cha Kiswahili ambacho kilisikika redioni na kuonekana katika televisheni. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walikusanya na kuchapisha maigizo yake mwaka 1981. Fabian naye, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza jinsi kundi hilo lilivyotunga mchezo juu ya mamlaka mwaka 1986, wakati wa utawala wa Mobutu, kutokana na msemo unaofananisha utawala na chakula kisichogawanywa. Jambo muhimu katika maelezo yake ni kwamba hapakuwa na maandishi ya kukariri. Waigizaji walikubaliana juu ya mwendo wa kisa, wakajadiliana, wakafanya mazoezi, na maneno yakazaliwa vinywani mwao.

Hapa ndipo lile suala la Marekani na Ujerumani linapopata jibu. Mchezo uliotegemea usemi wa mahali pamoja ulipopelekwa mahali pengine haukushika. Kundi la Mufwankolo lilianza na usemi wenyewe: Kiswahili kinachochanganya Kifaransa cha mkubwa, istilahi za kazini na lugha za nyumbani. Kila neno la Kifaransa lililotamkwa jukwaani lilikuwa kama kofia. Hadhira ilimtazama aliyeivaa, ikaamua kama inamtosha.

5. Baraka: kazi, namba na orodha

Baraka iko mahali ambapo ofisi za pande mbili za ziwa hukutana. Richard Burton na John Speke walifika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, na katika safari yao ya kaskazini walipita Ubwari. Kutokana na hilo ramani huita maji yaliyo mbele ya mji Ghuba ya Burton. Kiswahili kilichokuja na mitumbwi na misafara kutoka Ujiji kilibaki, kikawa lugha ya kukutania Wabembe, Wafuliiru, Wabuyu na majirani wengine.

Mwaka 1965 eneo hili lilishuhudia kisa ambacho mtunzi wa vichekesho angeogopa kukibuni. Tarehe 24 Aprili kikosi kidogo cha Wakuba kilivuka kutoka Kigoma na kutua Kibamba, kuwasaidia waasi wa Fizi. Walichukua majina ya namba za Kiswahili. Víctor Dreke, aliyetambulishwa kama mkuu wa kikosi, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Wa tatu, aliyetambulishwa kama daktari na mkalimani tu, aliitwa Tatu. Tatu huyo alikuwa Ernesto Che Guevara, kamanda halisi, ambaye viongozi wa Kongo walikuwa hawajaarifiwa kuja kwake. Kwa muda, mkubwa wa kweli alikaa katika nafasi ya fundi, akitibu wagonjwa na kutafsiri maneno ya watu ambao hawakujua wanaongea na nani. Kikosi kiliondoka mwezi Novemba mwaka huo huo bila ushindi. Kisa hicho kina uchungu, kwani watu wengi walikufa. Lakini katika muundo wake ni kichekesho cha ofisini, na lugha iliyotoa vyeo vyake ni Kiswahili.

Miongo mitatu baadaye vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwavusha watu wa Fizi na Baraka kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, katika Mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka huo. Katika kambi mtu hujifunza maana ya orodha. Chakula hutolewa kwa kadi. Kadi hutolewa kwa jina. Jina huandikwa na karani ambaye pengine hajui namna Wabembe wanavyotamka majina yao. Mwezi Oktoba 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na huko nako walipokewa na meza, fomu na orodha.

Ni vema kusimama hapa na kuuliza swali ambalo mchezo wa London hauulizi: kosa la ofisi hulipwa na nani? Katika Reynholm Industries kompyuta ikigoma, mkubwa anaaibika na hadhira inacheka. Penye orodha ya wakimbizi, jina likiandikwa vibaya, anayelipa ni mama mwenye watoto aliyesimama juani. Kumwambia azime na awashe tena ni kumtukana. Mkimbizi naye huwacheka makarani, na wakati mwingine huigiza sauti zao jioni; lakini kicheko chake kina kazi nyingine, kazi ya kumpunguzia hofu mtu ambaye kesho atarudi kwenye meza ile ile.

Hali ya lugha inaongeza uzito. Aliyekaa miaka Kigoma amerudi na kompyuta, karani na fomu. Aliyebaki Kongo ana maneno yenye asili ya Kifaransa kwa vitu hivyo hivyo. Wote wawili ni wasemaji wa Kiswahili, na kila mmoja anaweza kumwona mwenzake ni mshamba. Kiswahili cha Kongo kimezoea kuchekwa na wasemaji wa Kiswahili sanifu, kana kwamba ni Kiswahili kilichoharibika. Mafanikio ya Kundi la Mufwankolo yanatosha kukanusha hilo: lugha inayoweza kuwachekesha watu kwa makusudi, mwaka baada ya mwaka, si lugha iliyoharibika.

6. Kosa la jina na aina mbili za kicheko

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuona hatari ya orodha kabla ya kompyuta kuenea. Tamthilia ya Farouk Topan, Aliyeonja Pepo, iliyotoka mwaka 1973, inasimulia habari za mtu aliyechukuliwa roho yake kwa kosa la ofisi ya mbinguni. Topan hakuwacheka maskini. Aliucheka utaratibu unaodai kutokosea. Kama hata mbinguni karani aweza kukosea jina, mwenye kadi ya chakula ana haki ya kuuliza mara mbili.

Mfano mwingine ni Vioja Mahakamani, mchezo wa siku nyingi wa televisheni ya taifa ya Kenya. Mahakama ni mahali pa kazi kama ofisi nyingine: ana wake wa juu mezani, ana wake wa kuandika, na ana wake wa kusimama kizimbani. Sehemu ya kicheko hutokana na lafudhi za washtakiwa, na hapo mchezo huweza kuwacheka wanyonge. Sehemu nyingine hutokana na mshtakiwa ambaye, kwa Kiswahili chake cha mtaani, anaugeuza ushahidi mpaka sheria yenyewe inababaika. Hapo kicheko hupanda juu.

Tofauti hii ndiyo kipimo. Kicheko kinachoshuka humkuta mtu chini na kumkandamiza. Kicheko kinachopanda humkuta aliye juu na kumkumbusha kwamba ngazi aliyoipanda imeshikiliwa na wengine. The IT Crowd una vyote viwili. Mafundi wake nao huwadharau wanaopiga simu, na mara nyingi wanastahili aibu inayowapata. Lakini pale unapowafanya wakubwa wainamie kijisanduku kitupu, unaungana na boi wa Elisabethville na mwigizaji wa Lubumbashi. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

7. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mvuto wa kichekesho cha ofisini hautokani na kompyuta. Kompyuta ni kifaa kipya cha hali ya zamani, ile ya kumtegemea mtu usiyemheshimu. Hali hiyo imeonekana Hazina ya Dar es Salaam, katika nyumba za Elisabethville, katika kikosi cha Kibamba na kwenye meza za orodha. Imeonekana vilevile kwamba mchezo wa aina hii hauhamishiki kwa kutafsiri maneno. Kinachohitajika ni watu wanaoijua ofisi yao na lugha yao, waachiwe watunge.

Kwa idara za Kiswahili kazi iliyobaki ni ya kukusanya. Maigizo ya redio na ya jukwaani ya Kongo ya mashariki, hasa yale ya miji ya ziwani kama Uvira, Baraka na Kalemie, yanastahili kurekodiwa na kuandikwa kwa lugha yake yenyewe, bila kusahihishwa yawe Kiswahili cha Unguja. Mkusanyaji atakayekwenda Baraka aende na subira. Asianze na mkubwa wa ofisi. Aanze na anayetengeneza jenereta, anayepiga chapa barua za watu, na mama aliyewahi kusimama mbele ya orodha mara tatu kwa ajili ya herufi moja ya jina lake. Hao ndio waliokuwa wakiangalia.